Kilichozidi Siku Thelathini

Mkanda wa begi ulikatika saa kumi na moja kasoro robo, katikati ya stesheni kuu, saa ambayo kila mtu ana haraka na hakuna mwenye macho. Viatu vikamwagika. Si viatu vya watu wa kawaida, la. Vilikuwa viatu vya hariri rangi ya waridi, jozi sita au saba, vimechubuka pua, vimekatwa soli, tepe zinaburuzika. Vikatawanyika miguuni mwa abiria, na abiria wakavikanyaga wakaenda zao. Mwenye begi akapiga magoti kuviokota peke yake.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Ukutani, mbele yake kabisa, ilibandikwa picha yake mwenyewe, ndefu kuliko mlango. Yuko hewani, mikono imefunguka, gauni jeupe, na chini maandishi makubwa: UNYOYA, ONYESHO LA KUAGA. Unyoya ndilo jina ambalo magazeti yalimpa alipokuwa na miaka kumi na tisa, na watu wakalipenda hadi wakasahau alilopewa na mama yake. Mcheza bale, ile dansi ya kusimama juu ya ncha za vidole, aliyejaza kumbi kwa miaka ishirini na mbili. Na huyo Unyoya sasa yuko sakafuni, koti la mvua la kijivu, kitambaa kichwani, miwani mikubwa, anamwomba mzee mmoja ainue mguu achukue kiatu chake, na mzee hata hamsikii.

"Pole, bibie. Subiri, hicho kimoja kimeingia huku kwangu."

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha kushona viatu, kile kilichobanwa kati ya dirisha la tiketi na ngazi za kushukia treni. Mwanamume wa makamo akatoka, aproni ya ngozi, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, mvi zimeanza kumwingia juu ya masikio. Alikuwa ameshika kiatu cha hariri. Akakigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Lo! Nani kakitesa kiatu hiki namna hii?"

"Maisha," akajibu yule mwanamke.

"Maisha gani yanayokata soli kwa kisu?"

Mwanamke akacheka tu, hakumweleza. Kishike hicho kicheko, maana kilikuja kumtoa machozi baadaye.

Fundi akamkaribisha kwenye kigoda, akachukua begi, akaanza kuushona mkanda. Sindano ilipita kwenye ngozi bila papara. Akiwa hajainua uso akasema, "Hebu nione soli ya kiatu ulichovaa."

"Ya nini?"

"Leta tu. Mimi mtu namsoma kwa soli."

Akakivua, akampa, kiatu cheusi cha kisigino kifupi. Fundi akakisogeza kwenye mwanga. "Unajua, watu wanaotembea wawili wawili, soli zao huisha upande mmoja. Wanaegemeana. Zako zimeisha sawasawa pande zote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna anayekuja kukulaki stesheni."

"Una maneno wewe!"

"Nina macho, bibie."

Mwanamke akakichukua kiatu chake. Kisha, kwa uchokozi, akaonyesha picha ya ukutani. "Na yule je? Msome na yule."

"Yule? Wiki tatu tunatazamana, kuanzia nafungua mpaka nafunga. Mzuri, sikatai. Lakini ana uso wa mtu anayesubiri simu."

"Hatufanani?"

Fundi akampima kwa jicho moja. "Wewe na yule? Hapana. Yule mrefu."

Mwanamke akacheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka kwa miaka. Akavua miwani. Akavua kitambaa. Fundi akamtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena. Nyundo ikamponyoka ikaangukia mguu wake mwenyewe.

"Ala!"

"Pole, Fundi," akasema Unyoya. "Nani kautesa mguu wako?"

Kabla hajaondoka aliona kibao kimepigiliwa juu ya rafu ya viatu vilivyokwisha kushonwa, herufi zimeandikwa kwa mkono: KILICHOZIDI SIKU THELATHINI SI CHAKO TENA. Kila kiatu kilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi, na tarehe juu yake.

"Unauza kweli?"

"Nimeuza buti za askari. Nimeuza viatu vya harusi vya shemeji yangu, na mpaka leo dada yangu akinipigia simu anaanza na kuguna. Rafu ni moja, bibie. Mtu akisahau kiatu chake, mimi sitakikumbuka kwa niaba yake."

Namba za simu walipeana kwa kisingizio cha mkanda. Eti ukikatika tena.

*

Mkanda haukukatika, ila simu iliita kila siku saa saba mchana, saa ambayo Fundi alifunga nusu ya dirisha ili ale.

"Haloo, Unyoya."

"Sema, Fundi."

"Umekula?"

Swali dogo, sivyo? Lakini huyu mwanamke alikuwa ameulizwa kila kitu duniani. Mwalimu wake alimuuliza kuhusu nyonga. Daktari alimuuliza kuhusu uzito. Waandishi wa habari walimuuliza siri ya mafanikio. Mdogo wake alimpigia kila Jumapili huku watoto wakipiga kelele nyuma, akamuuliza, "Dada, lini utapumzika?" halafu akakata kwa sababu maziwa yanafurika. Kama amekula, hakuna aliyewahi kuuliza. Mara ya kwanza alishindwa kujibu, akajifanya simu inakatakata.

Akawa anapita kibandani baada ya mazoezi. Anakaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni dogo la maji ya baridi ambalo Fundi alimnunulia, koti limefunika magoti, kikombe cha chai mkononi. Abiria walipita na kurudi, hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke wa kwenye beseni ndiye wa ukutani. Fundi alikuwa mgane. Mke wake alikufa miaka saba iliyopita, binti yao ameolewa mbali, na nyumbani kwake alikuwa amezoea kuzungumza na redio. Alimweleza hayo siku ya pili tu, bila kujionea huruma, huku anapiga misumari.

"Mimi sina hata redio," Unyoya akasema. "Ninachotamani mimi ni kitu kidogo. Nifike nyumbani siku moja, mlango ufunguliwe na mtu aliye ndani. Tangu nihame kwa mama yangu, ni funguo zangu mwenyewe. Nikiwa nimebeba maua ndiyo taabu zaidi, mikono miwili haitoshi."

Fundi akainamia kazi yake. Alipiga msumari mmoja mara nne.

"Ukiruka unasikiaje?" akamuuliza baadaye.

"Kuna nukta moja, kule juu kabisa. Mwili unasahau uzito. Haifiki sekunde. Maisha yangu yote nimeifanyia kazi hiyo nukta, tangu nina miaka minane."

"Na ukishuka?"

"Nikishuka naumia. Lakini kazi yangu ni wewe usijue."

"Na watu wakisimama kukupigia makofi? Ukumbi mzima?"

Unyoya akazungusha kikombe. "Siwaoni, Fundi. Taa zinanipiga usoni, mbele yangu ni giza tupu. Miaka ishirini na mbili, ni giza ndilo linalonipigia makofi. Nainama, nalishukuru giza, nachukua maua, nakwenda kuyatia kwenye ndoo jikoni."

"Hata mtu mmoja humwoni?"

"Kipo kiti kimoja. Safu ya kwanza, cha mwisho kabisa, karibu na taa ya mlango wa kutokea. Hicho nakiona. Kila mchezaji mkuu hupewa kiti cha mgeni wake, nami nilichagua hicho. Hakiuzwi. Kwa hiyo kila onyesho naruka, nageuka, nakiona, kitupu."

Fundi akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nina koti moja zuri," akasema.

"Basi livae."

"La rangi ya kahawia. Nililishonesha binti yangu alipoolewa."

"Fundi, hata ukija na aproni. Njoo tu ukae pale nikuone."

Hivyo ndivyo walivyotamkiana mapenzi, jamani. Hakukuwa na magoti wala maua. Beseni la maji baridi na koti la kahawia, na wote wawili walielewa kwamba wamekwisha kuulizana na kujibizana.

*

Siku tatu kabla ya onyesho la kuaga, zipu ya begi iligoma. Unyoya alifika kibandani mbiombio, gauni la bluu, nywele zimebanwa juu, waandishi wa habari wanamsubiri hotelini.

"Kipenzi, nishonee zipu tu, begi unipelekee ukumbini siku ya onyesho. Na hivi vyeusi viwekee soli mpya, miguu inanikata." Akavua viatu vyeusi palepale, akavaa raba zilizokuwa begini, akakimbia.

"Umekula?" Fundi akapaza sauti.

"Nitakula!"

Fundi akaweka viatu vyeusi kwenye rafu, akavifungia kikaratasi chenye tarehe. Kisha akafungua begi ili apate nafasi ya zipu. Ndani alikuta jozi nne za viatu vya hariri. Akazitoa moja moja akazipanga mezani, na moyo ukamuuma. Soli za ndani zimevunjwa katikati. Hariri ya puani imekwanguliwa hadi kitambaa cha chini kikaonekana. Visigino vimepondwa. Mwanamke anayeagwa na mji mzima, onyesho la mwisho la maisha yake, apande jukwaani na matambara haya? Na yeye, mpenzi wake, ni fundi viatu?

Tusimcheke. Mimi na wewe tusingejua pia. Mcheza bale hanunui kiatu akakivaa. Kiatu kipya cha bale ni kigumu, kinapiga kelele, kinateleza. Kwa hiyo hukiua kwanza ndipo kiishi: hukibamiza sakafuni, hukibana kwenye bawaba ya mlango, hukata soli ya ndani pale hasa unyayo unapokunjika, hukwangua hariri ya mbele ili isiteleze, kisha hukivaa nyumbani siku kadhaa mpaka kiwe sehemu ya mguu. Zile jozi nne zilimchukua Unyoya wiki tatu. Zilikuwa tayari kabisa. Siku ile ya kwanza aliulizwa nani kavitesa, akacheka akasema maisha.

Fundi alifunga kibanda siku mbili, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mke wake. Aliunga kila soli iliyovunjika, akaitia kipande cha ngozi imara. Akajaza visigino vilivyopondwa. Akabandika hariri mpya puani, mishono midogo isiyoonekana, akapaka dawa ya kung'arisha. Alifanya kazi ile akipiga mluzi. Viatu vikatoka vinawaka kama vya duka. Naapa hajawahi kushona vizuri zaidi ya pale.

Siku ya onyesho, saa saba na nusu mchana, alimkabidhi bawabu wa ukumbi lile begi. Onyesho lilikuwa saa kumi. Akarudi nyumbani kupiga pasi koti.

Saa nane simu ikaita.

"Fundi." Sauti haikuwa ile.

"Kipenzi! Umeviona?"

"Umefanya nini?"

"Nimekushangaza, eh? Nikasema siwezi kukuacha upande na…"

"Umeviua. Umeviua viatu vyangu vyote! Nilikwambia zipu. Zipu! Nani kakwambia uguse?"

"Vilikuwa vimevunjika, mama."

"Nilivivunja mimi! Kwa mikono yangu! Wiki tatu! Nina saa mbili, Fundi, na sina cha kuvaa. Wewe ni fundi wa stesheni, unashona buti za wasafiri. Kazi yangu utaijulia wapi?"

Pasi ilikuwa bado mkononi mwa Fundi, ikamwaga mvuke.

"Kweli," akasema Fundi. "Nitaijulia wapi." Akakata.

Katika chumba cha mavazi, Mama Sindano, mwanamke mnene anayetunza nguo na viatu vya wachezaji tangu ukumbi ulipofunguliwa, alipekua makabati akapata jozi mbili za mwaka uliopita, zimelegea lakini zinavalika. "Hizi zitakubeba, mwanangu. Acha kulia, rangi ya macho inamwagika." Unyoya akazifunga tepe. Zile nne zinazong'aa akazitupa kwenye pipa la taka, na Mama Sindano, ambaye hajatupa hata kifungo maishani mwake, akamwangalia tu.

Akacheza. Sehemu ya kwanza wakapiga makofi, ya pili wakasimama. Sehemu ya tatu, kwenye mizunguko ile iliyomfanya aitwe Unyoya, aliyumba. Mguu ukateleza, mkono wa kulia ukagusa sakafu. Kidogo tu, akainuka, akamaliza. Lakini ukumbi mzima ulisikika ukivuta pumzi. Kesho yake gazeti moja liliandika kwa herufi nene: UNYOYA WATUA. Hilo likawa neno la mwisho juu ya miaka ishirini na mbili.

Kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo: "Viatu. Viatu viliharibiwa."

Fundi alipiga simu siku iliyofuata. Unyoya hakupokea. Akapiga keshokutwa yake, hakupokea. Mara ya tatu Unyoya aliitazama ikiita mezani mpaka ikachoka. Fundi hakupiga tena.

*

Nikuambie nyumba ya mtu aliyestaafu kushangiliwa inavyokuwa? Maua hukauka kwa zamu. Mekundu kwanza, meupe mwisho. Yeye hakuyatupa, alikuwa akiokota tu petali sakafuni kila asubuhi. Aliamka saa kumi na mbili kama kawaida, akanyoosha mguu kwenye ukingo wa dirisha, kisha akakumbuka kwamba haendi popote. Alishuka ghorofa nne kununua mkate ili muuza duka amwambie habari za asubuhi, akapanda, saa nyingine akashuka tena kununua chumvi ambayo anayo.

Saa saba mchana ilikuwa mbaya kuliko zote. Alikuwa akiigeuza simu kifudifudi.

"Dada," mdogo wake alimwambia Jumapili moja, "na yule bwana wa viatu?"

"Bwana gani?"

"Wewe! Wiki nzima ulikuwa Fundi hivi, Fundi vile, mpaka mume wangu akaanza kuona wivu kwa niaba ya wanaume wote. Leo bwana gani?"

"Aliharibu onyesho langu."

"Kweli alikuangusha yeye?"

Unyoya akafungua kinywa ili atoe jibu lake la siku zote, likamkwama. Nyuma ya simu mtoto alivunja kitu, mdogo wake akasema nitakupigia, mstari ukawa mtupu. Jibu lenyewe akabaki nalo mwenyewe jikoni, amesimama, na halikuwa viatu.

Barua ikaja miezi mitatu baada ya onyesho. Shule ya bale ya watoto katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa treni, ilihitaji mwalimu. Nyumba ipo, kazi inaanza Jumatatu. Alisaini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza unakwenda wapi. Akafunga virago, masanduku mawili tu. Jumamosi asubuhi, treni ikiwa ni ya saa saba kamili mchana, alipitia ukumbini kurudisha ufunguo wa kabati lake.

Mama Sindano alikuwa amezama katikati ya magauni, pini mdomoni. Akazitema kiganjani. "Umekuja kuchukua viatu vyako?"

"Viatu gani?"

"Hivi." Akatoa begi, lile lile, zipu inakwenda laini. Ndani, jozi nne za hariri.

"Nilivitupa."

"Mimi nikaviokota. Kesho yake ya onyesho yule bwana wako wa stesheni akaja mlango wa nyuma, koti la kahawia, kofia mkononi. Akasema, mama, nifundishe nilichokosea. Nikamfundisha. Alikaa pale kwenye kigoda saa tatu nzima. Aliniuliza mpaka unapobana kiatu mlangoni unakibana upande gani. Akaomba nimwonyeshe viatu vyako vya zamani, akapima palipokunjika kwa uzi. Akaondoka navyo, akavileta baada ya wiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema usiambiwe mpaka uulize. Nikakungoja uulize. Mwanangu, wewe huulizagi."

Unyoya akakaa sakafuni. Akavua raba, akavaa jozi moja, akafunga tepe. Ngozi ngumu ilikuwa imetolewa. Soli ilikuwa imevunjwa mahali pale hasa, mstari kwa mstari, kama ameivunja yeye. Akasimama, akapanda juu ya vidole katikati ya magauni yaliyotundikwa, mikono imefunguka, hakuna muziki wala taa. Viatu vilimpokea bila kelele. Vilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kuvaa, na hapakuwa tena na onyesho la kuvivaa.

Akashuka. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na urembo, na Mama Sindano akamkumbatia huku akimwondolea pini zilizomshika begani.

*

Saa sita na nusu mchana stesheni ilikuwa imejaa pomoni. Picha ya ukutani ilikwisha kubanduliwa, pamebandikwa tangazo la sabuni. Kibanda kilikuwa wazi. Fundi alikuwa ameinama juu ya kiatu cha mtu, na alipoinua uso akakiweka kile kiatu chini. Alikuwa amekonda kidogo.

"Nimefuata viatu vyangu," Unyoya akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni. "Vile vyeusi. Najua siku zimezidi. Kama umeuza, ni haki yako, imeandikwa pale."

Fundi akageukia rafu, akavileta, akaviweka mezani. Soli mpya, vimepigwa rangi. Kikaratasi kilikuwa bado kimefungwa kwa uzi. Unyoya akakivuta aone.

Tarehe ya kwanza ilikuwa imekatwa kwa mstari. Chini yake tarehe nyingine, mwezi mmoja baadaye, nayo imekatwa. Chini yake ya tatu. Chini yake ya nne, wino wake mpya, ya wiki iliyopita.

"Kila siku ya thelathini nilisema leo naviuza," Fundi akasema, anaongea na meza. "Nachukua kalamu niandike bei, nashtukia nimeandika tarehe."

"Fundi."

"Nilifika siku ile, ujue. Mpaka mlangoni. Nimevaa koti. Nikakumbuka ulivyosema, nikajiona kweli, huyu fundi wa stesheni anakwenda kukaa mbele na nani? Nikarudi. Mengine nikayasoma gazetini. Nisamehe. Nilikuangusha mbele za watu."

"Hukuniangusha."

"Viatu…"

"Nisikilize. Sijamwambia mtu hata mmoja." Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Vile viatu vya Mama Sindano vilikuwa vizima. Unapozunguka, kichwa lazima kishike kitu kimoja, jicho likitoka pale unaanguka, hata mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa. Mimi jicho langu lilitoka. Lilikuwa linatazama kiti. Kila nikizunguka nasema sasa amefika, sasa amefika. Nikaanguka kwa kukutafuta, halafu nikasema ni viatu, kwa sababu viatu ni rahisi kusema. Na siku ya kwanza uliniuliza, nikacheka badala ya kukueleza. Kisha nikakutukana kwa kutojua. Nisamehe wewe."

Fundi akainua uso. Akachukua kitambaa cha kufutia viatu akajifuta macho nacho, akaacha mstari mweusi shavuni.

"Umekula?" akasema hatimaye.

Unyoya akacheka akilia. Kisha akamwonyesha tiketi. Akamweleza: shule, watoto ishirini, Jumatatu, ameweka saini. Fundi akaisoma tiketi pole pole, akatazama saa ya ukutani. Zimebaki dakika ishirini.

"Watoto hawawezi kungoja," akasema.

"Hawawezi."

"Basi chukua viatu vyako."

Unyoya akavisukuma nyuma, kuelekea upande wa Fundi. "Sivichukui. Andika tarehe."

Fundi akamtazama.

"Kata hiyo, andika ya leo. Siku thelathini. Nitarudi kuvifuata."

"Na zikizidi?"

"Zikizidi utafanyaje?"

"Siuzi tena, nimeshindwa. Zikizidi nitavileta mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

"Koti la kahawia?"

"Koti la kahawia."

"Basi nitachelewa makusudi," Unyoya akasema. "Nitakuwa ndani. Utagonga, nami nitakufungulia."

Fundi akachukua kalamu. Namba moja ikatoka imepinda, akairudia. Akafunga kikaratasi kwa fundo mara mbili, ambalo hakuwahi kumfungia mteja. Treni ikatangazwa. Wakashikana mikono juu ya meza, ya Fundi myeusi kwa rangi, mpaka tangazo likarudiwa, kisha Unyoya akachukua masanduku yake akashuka ngazi peke yake, kwa sababu kibanda hakikuwa na wa kukiangalia.

Alipata kiti cha dirishani. Nje, jukwaa la stesheni lilijaa watu wanaoagana, mikono, vitambaa, watoto mabegani, mamia ya nyuso, na kama alivyozoea hakutafuta uso wowote. Treni ikatikisika. Ndipo alipoona zogo kule kwenye ngazi. Mtu wa makamo anasukuma umati, anaomba radhi huku na huku, aproni ya ngozi imempinda kiunoni, mstari mweusi shavuni, kibanda kakiacha wazi. Mkononi ameinua juu ya vichwa vya watu jozi ya viatu vyeusi, kikaratasi kinapepea.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa kote, na Unyoya alimwona.